Saratani iliyomstaafisha bingwa wa vinyoya iko hata kwetu

Hapa Kabuchai ukitaja mchezo, kila mtu hufikiria kabumbu. Vuka uende Kitale na utasimuliwa habari za vijana wa shule ya St. Anthony mpaka jua lizame. Mpira wa vinyoya, ule ambao wengine huuita badmintoni, wengi wetu tuliuona mara moja au mbili katika ukumbi wa shule, tukawatazama watu wazima wakikifukuza kitu kidogo chenye manyoya kama kifaranga, tukaenda zetu. Kwa hivyo sitashangaa ikiwa jina la Lee Chong Wei ni geni kwako. Nakuomba univumilie nikueleze habari zake, kwa maana ugonjwa uliomwondoa uwanjani tunao hapa kwetu, na tunachelewa mno kuutambua.

Lee alizaliwa Malaysia tarehe 21 Oktoba 1982. Alicheza upande wa mmoja kwa mmoja, ambao kwa macho ya daktari ndio unaoutesa mwili kuliko mwingine katika mchezo huo, kwani hakuna mwenzako wa kukuzibia pengo. Unakimbilia mbele hadi kwenye wavu, unarudi nyuma kinyumenyume, unaruka na kupiga, unachuchumaa, unainuka tena, pengine kwa saa nzima na zaidi. Mshindi ni yule anayetangulia kushinda seti mbili za pointi 21. Majirani zetu wa Uganda wameutilia maanani mchezo huu; Edwin Ekiring aliwawakilisha katika Olimpiki za Beijing mwaka 2008 na London mwaka 2012, upande huo huo wa mmoja kwa mmoja.

Lee alishika nafasi ya kwanza duniani kwa jumla ya wiki 349. Kati ya hizo, wiki 199 zilifuatana bila kukatika, kuanzia Agosti 2008 hadi Juni 2012. Alishinda mara nne taji la All England, mashindano ambayo kila mchezaji wa vinyoya huota kuyashinda. Kitu kimoja tu kilimkataa, nacho ni dhahabu ya Olimpiki. Beijing alifungwa fainalini na Lin Dan wa Uchina. London wakakutana tena, Lee akatwaa seti ya kwanza, kisha akapoteza ya tatu kwa 19-21. Rio mwaka 2016 hatimaye alimshinda Lin Dan, lakini hiyo ilikuwa nusu fainali. Kwenye fainali akaangushwa na Mchina mwingine, Chen Long. Medali tatu za fedha katika Olimpiki tatu mfululizo! Mtu mwingine angetundika raketi ukutani akalala. Yeye akasema atajaribu tena Tokyo mwaka 2020.

Tarehe 1 Julai 2018, akiwa na umri wa miaka 35, Lee alishinda Malaysia Open kwa mara ya 12, akimlaza kijana wa Kijapani, Kento Momota, aliyemzidi upya wa miguu kwa mbali. Ishike tarehe hiyo. Kabla ya mwezi kwisha, chama cha mchezo huo nchini Malaysia kilitangaza kwamba Lee hatashiriki mashindano ya ubingwa wa dunia wala Michezo ya Asia, na sababu iliyotolewa ilikuwa matatizo ya njia ya hewa. Minong'ono ikaanza, kama inavyoanza popote mtu mashuhuri akijificha. Tarehe 22 Septemba chama kikasema wazi kwamba Lee ana saratani ya pua, kwamba imegunduliwa mapema, na kwamba yuko Taiwan akitibiwa.

Sasa hesabu nami. Uvimbe wa namna ile hauoti kwa wiki tatu. Alipoliinua kombe lile mbele ya watu wake, bila shaka ulikuwa tayari umo ndani, na mwili ule ule ulikuwa umetoka kumshinda kijana aliyekuwa akinyemelea nafasi ya kwanza duniani. Nataja hili kwa sababu wapo wagonjwa wanaoniambia, "Daktari, mimi siwezi kuwa na ugonjwa mkubwa, nalima ekari nzima kwa jembe bila kupumzika." Nguvu za kulima ni baraka. Hazituelezi lolote kuhusu kilichojificha nyuma ya pua.

Na hapo ndipo pa kueleza vizuri. Saratani hii haiko katika pua unayoishika kwa vidole. Iko katika chumba kidogo kilicho nyuma kabisa ya pua, juu ya kaakaa laini, mahali ambapo hewa hugeuka kuteremka kooni. Huwezi kukiona chumba hicho kwa kufungua mdomo mbele ya kioo. Hata mimi siwezi kukiona kwa tochi na kijiti cha kukandamizia ulimi. Kuta zake mbili za kando zina matundu ya vifereji vinavyoelekea masikioni. Dari yake ni mfupa unaobeba ubongo. Na kiowevu kinachotoka humo huchujwa na tezi za shingo.

Ukiijua ramani hiyo, dalili zenyewe huna haja ya kuzikariri. Uvimbe ukiziba tundu la kifereji, sikio la upande huo huziba, mtu akahisi kama ametoka kuoga mtoni na maji yamebaki ndani. Husikia mvumo, na watu wakisema naye upande huo hugeuza kichwa. Watoto hupata hali hiyo kila mara kwa sababu ya mafua. Mtu mzima akiipata sikio moja tu, bila mafua, ikakaa mwezi mzima, pana jambo la kuulizia. Uvimbe ukichubuka hutoa damu. Pengine ni matone puani, lakini aghalabu damu huteremka nyuma usiku, na asubuhi mtu akivuta kamasi na kutema huona michirizi myekundu. Ukikua mbele, tundu moja la pua huziba na halizibuki hata msimu wa mafua ukipita. Ukipanda juu, hubana mishipa ya fahamu, ndipo kichwa kikaanza kuuma upande mmoja, shavu likafa ganzi, au jicho likaona vitu viwili viwili.

Kisha kuna kivimbe cha shingo. Chembe za saratani husafiri hadi kwenye tezi, nayo tezi huvimba chini ya sikio, nyuma ya pembe ya taya. Huwa gumu. Haliumi, na kutouma huko ndiko kunakowadanganya watu. Wagonjwa wengi wa saratani hii hufika hospitalini kwa ajili ya kivimbe hicho, wakiwa hawajawahi kulalamikia pua hata siku moja.

Utaniuliza, haya ya Malaysia yanatuhusu nini? Ni kweli kwamba katika nchi nyingi saratani hii ni nadra. Makao yake makuu ni kusini mwa Uchina na Asia ya kusini-mashariki, naye Lee ni Mmalaysia wa asili ya Kichina. Lakini iko pia Afrika ya kaskazini, na iko katika sehemu za Afrika Mashariki, Kenya ikiwemo. Katika miaka ya 1960 mpasuaji wa masikio, pua na koo aliyefanya kazi Nairobi, Dkt. Peter Clifford, aliandika katika majarida ya kitabibu kuhusu wagonjwa wa Kenya wenye saratani hii. Aliona kwamba ilikuwa ikiwapata zaidi watu wa nyanda za juu kuliko watu wa sehemu za chini zenye joto, akaushuku moshi wa kuni katika nyumba zisizo na dohani. Wewe uliyezaliwa upande huu unaijua nyumba hiyo. Unaijua baridi ya miteremko ya Mlima Elgon na ya Kitale wakati wa mvua, mafiga matatu, magunzi ya mahindi yakifuka, mlango umefungwa, na nyanya ameketi karibu zaidi na moto kuliko mtu mwingine yeyote.

Nisikudanganye. Hilo la moshi lilibaki kuwa tuhuma. Halijapata uthibitisho kama ule tulio nao kuhusu sigara na mapafu. Lakini moshi wa kuni una makosa mengine ya kutosha juu ya vifua vya akina mama zetu, na sihitaji kungoja ushahidi wa pua ndipo nikushauri ulitoboe dirisha la jiko la nyumbani.

Kilicho na ushahidi mzito ni virusi vya Epstein-Barr, na historia ya virusi hivyo imeanzia jirani tu. Mwaka 1958 Denis Burkitt, mpasuaji wa Hospitali ya Mulago mjini Kampala, alieleza habari za uvimbe wa taya uliokuwa ukiwashika watoto. Vipande vya uvimbe huo vilipelekwa London kwa ndege, na mwaka 1964 Anthony Epstein pamoja na Bert Achong na Yvonne Barr wakaviona virusi ndani yake kwa darubini ya elektroni. Uvimbe wa Burkitt tungali tunauona kwa watoto wa magharibi mwa Kenya. Baadaye virusi vile vile vikakutwa katika chembe za saratani ya nyuma ya pua. Usije ukaanza kuogopa kunywa kikombe kimoja na mwenzako: zaidi ya watu wazima tisa katika kila kumi duniani wanavyo virusi hivi, nami bila shaka nimo, na walio wengi mno hawatapata saratani yoyote kwa ajili yake. Lazima pawe na kitu cha kuviongezea nguvu, kama urithi wa ukoo. Kwa Wachina wa kusini, samaki wa chumvi wanaotengenezwa kwa namna yao, hasa wakilishwa watoto wadogo, wamepatikana na hatia. Omena yako hukaushwa juani; kula bila wasiwasi.

Sasa nifike kwenye lililonifanya nishike kalamu.

Mchukue mtu wa miaka arobaini, mwenye shamba lake huku Kabuchai, ambaye asubuhi moja akinyoa ndevu anagusa kivimbe shingoni. Siku ya soko anapita duka la dawa na kuuziwa vidonge vya amoksilini vya siku tano. Kivimbe hakitikisiki. Anarudi, anauziwa vya bei ghali zaidi. Mwezi wa pili anachomwa sindano asubuhi na jioni. Mwezi wa tatu anaambiwa ni jino, linang'olewa, na huenda lilikuwa zima. Mwezi wa tano anaanzishiwa dawa za kifua kikuu bila kivimbe kupimwa, kwa hoja kwamba tezi za shingo hapa kwetu mara nyingi ni kifua kikuu. Dawa hizo ni za miezi sita. Katikati hapo jamaa wanakaa kikao, wengine wanasema amerogwa kwa ajili ya mpaka wa shamba, na fedha za mahindi zinakwenda kwa mganga. Mwaka umekwisha. Vivimbe sasa viko pande zote mbili za shingo, sikio limeziba, usiku hapati usingizi kwa maumivu ya kichwa. Katika safari hiyo yote hakuna aliyemtazama nyuma ya pua.

Sijamweleza mgonjwa mmoja, msomaji. Nimeieleza njia, na kila daktari wa sehemu hizi anaijua.

Sisemi kila kivimbe cha shingo ni saratani. Vingi si saratani. Meno mabovu huvimbisha tezi, koo vilevile, kifua kikuu kwa hakika, na virusi vya Ukimwi pia. Ndiyo maana hasa kivimbe kinapaswa kupimwa badala ya kukisiwa. Rai yangu ni hii, na najua baadhi ya wenzangu wataipinga: kivimbe kisichoeleweka katika shingo ya mtu mzima, kikikaa wiki tatu, kisipewe dozi ya pili ya dawa ya kuua vijidudu kabla hakijapimwa. Na hakuna mtu mzima anayepaswa kuanzishiwa dawa za kifua kikuu cha tezi kwa kukisia wakati kipimo kinaweza kupatikana.

Wenzangu watasema sikumbuki hali ya zahanati za mashambani. Watasema hatuna mpira mwembamba wenye taa wa kuingiza puani, na daktari bingwa wa masikio, pua na koo ni wa kutafutwa kwa tochi. Nakubali. Lakini kuuliza hakuhitaji mashine. "Mzee, sikio lako moja limeziba? Mama, umeona damu katika kamasi ya asubuhi?" Maswali hayo huchukua nusu dakika. Sindano nyembamba ya kunyonya chembe katika kivimbe si kitu cha ajabu, na gharama yake haifikii jumla ya zile dawa za miezi mitano. Wapo pia maafisa wa kliniki waliosomea masikio, pua na koo, ambao watu wengi hawajui kama wapo. Barua ya rufaa kutoka Chwele kwenda Bungoma au Kitale ni karatasi moja. Kinachokosekana ni mtu wa kufikiria kuhusu chumba kile kisichoonekana, na kufikiria hakuagizwi kutoka ng'ambo.

Nina jingine kuhusu sindano. Mwaka 2014, wakati wa mashindano ya dunia yaliyofanyika Copenhagen, Lee alipimwa akakutwa na deksamethasoni mwilini, dawa ya kupunguza uvimbe ambayo wachezaji hukatazwa wakati wa mashindano. Alifungiwa miezi minane. Jopo lililosikiliza kesi yake liliridhika kwamba hakukusudia kudanganya. Dawa hiyo iliingia kupitia maganda ya vidonge vya kienyeji vya kuongeza nguvu alivyokuwa akivimeza. Hebu fikiria: mchezaji mwenye madaktari na walimu wa kila namna hakujua alichokuwa akimeza. Je, wewe unayenunua unga wa "dawa ya viungo" kwenye kituo cha matatu unajua kilichomo? Deksamethasoni na ndugu zake ni dawa nzuri mahali pake. Mimi mwenyewe huziandika. Lakini mtu mwenye kivimbe cha shingo kisichojulikana akichomwa dawa hizo "kupunguza uvimbe", kuna saratani za tezi ambazo hunywea kwa muda, mgonjwa akafurahi, na kipimo kikichukuliwa wakati huo maabara ikashindwa kuona vizuri. Kisha kivimbe hurudi kikiwa na haraka zaidi. Usikubali sindano ya namna hiyo kabla ya kipimo.

Usikubali pia kivimbe kikatwe halafu kitupwe kwenye ndoo. Kila kinachokatwa mwilini mwako kiende maabara, nawe upewe majibu yake kwa maandishi. Wapo wanaosema kwamba saratani ikiguswa na chuma huenea. Nimelisikia hilo sokoni, kanisani na hata katika chumba changu cha kazi. Kipande kidogo kinachochukuliwa nyuma ya pua ndicho kinachotuambia ni ugonjwa gani na utibiwe vipi, na bila hicho hakuna hospitali ya maana itakayokuweka chini ya mionzi.

Mionzi ndiyo tiba yenyewe. Hilo huwashangaza watu, kwani wengi hujiandaa kwa kisu. Chumba kile kimezungukwa na vitu ambavyo mpasuaji hathubutu kuvigusa ovyo, na kwa bahati njema saratani hii husikia sana mionzi. Ikikutwa mapema, mionzi peke yake hutosha, na karibu watu tisa katika kila kumi huwa wangali hai miaka mitano baadaye. Ikiwa imekwisha kuenea shingoni huongezewa tibakemikali, na hata hapo wengi hupona, kwa jasho zaidi. Lee alitibiwa Taiwan kwa mionzi ya protoni, mashine ambayo hatunayo Kenya. Usivunjike moyo kwa hilo. Sehemu kubwa ya wagonjwa duniani hutibiwa kwa mashine za kawaida za mionzi, na hizo ziko nchini. Zamani mtu wa Bungoma asiye na fedha za hospitali za kibinafsi hakuwa na pa kwenda ila Kenyatta, Nairobi, kungoja foleni ya miezi. Leo iko tiba ya mionzi katika hospitali ya Moi, Eldoret, umbali wa asubuhi moja kwa matatu.

Lakini asubuhi hiyo moja huzidishwa. Matibabu huendelea siku tano kwa wiki, kwa muda wa wiki saba hivi. Nani atalipa chumba Eldoret kwa wiki saba? Nani atakama ng'ombe? Nani atapalilia? Hapa ndipo wewe msomaji wa mjini unapohusika, kwa sababu ndiwe unayepigiwa simu. Jamaa wengi huchanga kwa moyo mmoja wakati wa mazishi, hema, viti, gari la kubebea jeneza, na hawachangi theluthi ya hizo wakati mgonjwa angali anatembea kwa miguu yake. Nasema hivi nikijua kwamba nitaambiwa nadharau mila. Hakikisha pia kwamba mzee wako amesajiliwa na SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024, na kwamba michango yake imelipwa kabla ya ugonjwa; dirisha la malipo si mahali pa kwenda kuanzia usajili huku kichwa kinauma. Serikali zetu za kaunti nazo, ambazo hujenga malango makubwa ya hospitali na kuyazindua kwa ngoma, zingetusaidia zaidi kwa nyumba ya kawaida ya kulala wagonjwa karibu na ile mashine.

Tuseme pia ukweli kuhusu kinachobaki baada ya mionzi. Tezi za mate huungua, na mdomo hukauka kwa miezi, pengine kwa miaka. Ugali haumezeki bila mchuzi mwingi. Ladha hupotea. Uchovu hukaa. Sikio huweza kupungua nguvu, na tezi ya shingo inayoendesha joto la mwili huweza kulala miaka kadhaa baadaye, jambo la kupimwa kila mwaka. Lee alirudi mazoezini mwanzoni mwa 2019 akitumaini kucheza tena mashindano. Mwili ulimkatalia. Tarehe 13 Juni 2019 aliwaita waandishi wa habari na kutangaza kustaafu, akilia mbele ya kamera, akiwa na miaka 36. Magazeti mengi yaliandika kwamba saratani ilimnyima dhahabu ya Tokyo. Mimi niliisoma habari hiyo kwa jicho la daktari: baba wa watoto aliyekutwa na saratani mwaka 2018, na mwezi Mei 2023 akasimama pamoja na Lin Dan, adui yake wa miaka yote, wakiingizwa wote wawili katika orodha ya heshima ya mchezo wao.

Basi ukipigiwa simu wiki hii na ukaambiwa mjomba ana kivimbe, muulize maswali matano kabla ya kutuma fedha za dawa. Kivimbe kina muda gani? Kinauma? Sikio la upande huo linasikia? Kuna damu ya puani au kwenye kamasi ya asubuhi? Kuna pua iliyoziba upande mmoja? Majibu hayo yaandike kwenye karatasi aende nayo, kwa sababu mbele ya daktari wazee husahau, au huona haya kusema habari za kamasi. Akifika, aombe kwa heshima kivimbe kipimwe kwa sindano na nyuma ya pua patazamwe. Akikataliwa, aombe barua ya rufaa.

Na ikiwa majibu yatakuwa mabaya na siku ya mionzi imepangwa, kuna safari moja ambayo watu huisahau. Apelekwe kwanza kwa daktari wa meno. Meno yaliyooza yang'olewe wiki mbili tatu kabla ya mionzi, kidonda kipone kabisa, maana jino likija kung'olewa baadaye kwenye taya lililoungua mfupa hukataa kupona. Baada ya hapo mgonjwa apige mswaki kwa dawa yenye floridi kila baada ya mlo, na chupa ya maji isimtoke mkononi.